Dubu Smoky Mountains: twende na watoto au tuahirishe?

Baba Neema (Knoxville): Habari wakuu. Jumamosi tumepanga kupanda njia ya Alum Cave, hifadhi ya Great Smoky Mountains huku Tennessee, Marekani, mimi, mke wangu na wanetu wa miaka 6 na 9. Juzi mwenzangu kazini kanionesha picha ya dubu mweusi na watoto wake wawili wakivuka njia hiyohiyo mchana kweupe. Mimi nimekulia Moshi, msituni nimezoea mbega. Mke anataka tuahirishe. Mliowahi kukutana na dubu, mlifanyaje?

Kijana wa Kigoma: Kaka, lala kifudifudi ujifanye umekufa. Dubu hagusi maiti.

Dada Asheville: Hapana, ndugu yangu, ushauri huo utamponza. Kulala ni kwa dubu wa kahawia wa Alaska na Montana, akishakurukia kwa kujihami. Smoky hawapo. Dubu mweusi akikushambulia unapigana naye kwa jiwe, fimbo, chochote, ukilenga uso na pua.

Ila kufika huko ni nadra sana. Nimewaona mara nne, wote walishika njia yao. Hifadhi inakadiria wapo karibu 1,900, basi kuonekana kwao ni jambo la kawaida.

Msikimbie kabisa. Kasi yake inafika kilomita 48 kwa saa, na mtini anapanda vizuri kuliko wewe. Mdogo mbebe, simameni pamoja, mrudi nyuma taratibu huku mnamtazama. Sheria ya hifadhi inakataza kumsogelea chini ya yadi 50, kama mita 46. Akipumua kwa kishindo, akagonganisha meno au kupiga ardhi kwa mguu, ujue mmemkaribia mno. Akiwafuata hata mkibadili mwelekeo, hapo simameni, pigeni kelele, mrushieni mawe. Na watoto wasitangulie kwenye kona, ndipo watu wanapokutana naye ghafla.

Mzee wa Gatlinburg: Shemeji ana haki ya kuogopa, lakini mimi naogopa zaidi chakula. Nafanya usafi nyumba za wageni huku, naona mapipa yanavyopinduliwa usiku. Dubu akishaonja chakula cha watu anaacha kuwaogopa, na mara nyingi mwisho wake ni kuuawa. Inaniuma sana. Maganda ya ndizi, karanga, makombo ya watoto, vyote rudini navyo. Nunua pia pilipili ya kupuliza ya dubu, yaani kopo la kumpulizia dubu usoni akiwajia, inaruhusiwa hifadhini. Ining'inie kiunoni, ndani ya begi haitakufaa. Msijipake mwilini kama dawa ya mbu!

Baba Neema: Asanteni sana. Mke kasoma yote, kakubali twende. Anauliza, mbwa wetu je? Anabweka sana, labda atamfukuza.

Dada Asheville: Mwacheni nyumbani. Alum Cave mbwa haruhusiwi. Wanaruhusiwa njia mbili tu, Gatlinburg Trail na Oconaluftee River Trail, tena kwa kamba. Mbwa akimchokoza dubu kisha akakimbilia kwenu, atakuja naye.

Baba Neema: Basi anabaki. Pilipili naifuata leo jioni.