Ushauri: mpunga wa Cheju umeingiwa na kimyanga baada ya ukame, ninunue "dawa ya protini"?

Mwana wa Cheju
Assalaam alaykum ndugu zangu. Mama yangu analima mpunga bonde la Cheju. Masika haya mvua ilikatika, majaruba yakapasuka, kisha ikarudi kwa nguvu. Mpunga ukainuka vizuri, lakini baadaye ukatokea upande mmoja umedumaa, majani machanga yana michirizi ya manjano na kijani. Bwana shamba ameutazama, kasema ni kimyanga, ule ugonjwa wa virusi vya mpunga.

Duka moja la pembejeo wanauza maji ya kupulizia yenye asidi amino, yaani vipande ambavyo protini huundwa kwavyo. Wanasema mmea ukipata shida hushindwa kutengeneza protini, ukilishwa asidi amino utapata nguvu ya kuvitoa virusi wenyewe. Nimesoma baiolojia skuli mpaka kidato cha sita, na maneno yao yananiingia akilini. Ila pesa iliyopo ni ya palizi. Ninunue?

Bibi Shamba Mstaafu
Waalaykum salaam mwanangu. Usinunue. Pesa ya palizi iende kwenye palizi.

Ni kweli mmea wenye kiu hupunguza sana kutengeneza protini. Lakini haushindwi, unajizuia. Kuongeza asidi amino moja tu kwenye mnyororo wa protini hula nishati isiyopungua ya ATP nne (ATP ni chembe za nishati za seli), na wakati huo mmea umefumba vitundu vya majani ili usipoteze maji, kwa hiyo hata sukari hautengenezi ya kutosha. Ribosomu, mashine za seli zinazotengeneza protini, huziachia RNA nyingi zenye maagizo ya kukua, na nyingi ya hizo huwekwa kando bila kuharibiwa. Zile za kujilinda huendelea kusomwa. Maji yakizidi ni vivyo hivyo: Arabidopsis, kimmea kinachotumiwa sana maabara, kikinyimwa oksijeni ribosomu huachia, na oksijeni ikirudi, ndani ya saa moja kazi imeshapamba moto tena. Ndiyo maana mpunga wa mama uliinuka mvua iliporudi. Haukungoja kulishwa na mtu.

Sasa kimyanga. Virusi hivi havina ribosomu hata moja, vinategemea za mpunga. Agizo la kawaida la mmea lina kofia mwanzoni, na kofia hiyo hupokelewa na kundi la protini za kuanzisha, ndipo ribosomu ipande isome. RNA ya kimyanga haina kofia ya namna hiyo. Mwanzoni mwake pamebandikwa protini ndogo, VPg, nayo hujishika kwenye protini ya mpunga iitwayo eIFiso4G, moja ya hizo za kuanzisha. Wakishashikana, ribosomu husoma maagizo ya mgeni kama kadi ya harusi iliyoghushiwa ikapita mlangoni. Ugonjwa umekaa kwenye mshikano huo, na asidi amino za chupani haziugusi. Kumwambia mama mwenye shamba dogo kwamba zitamtibia kimyanga ni kumdhulumu, nalisema hili kwa uchungu.

Kijana wa Maabara
Bibi kamaliza, naongeza swali. Shekhe, jirani au nyinyi mmepiga dawa ya magugu karibuni? Glaifosati, iliyomo kwenye baadhi ya dawa hizo, huziba njia ambayo mmea hutengenezea baadhi ya asidi amino. Zikipungua, kimeng'enya kiitwacho GCN2 huhisi upungufu na kubana pale pale mwanzo wa kutengeneza protini, na majani machanga hugeuka manjano. Madhara ya dawa huonekana kwa kufuata njia ya bomba au upepo. Kimyanga huanza kwa vidoa vidoa, na jani huwa na michirizi. Ukosefu wa naitrojeni nao huanzia majani ya chini, tena rangi hupauka sawasawa.

Mwana wa Cheju
Hatukupiga dawa, tunapalilia kwa mkono, na jirani pia. Ni vidoa.

Fundi wa Majaruba, Pemba
Basi ni hicho. Kaka, ng'oeni miche yenye dalili mapema, muifukie mbali na maji ya mfereji. Anayeng'oa asiingie jaruba lisilougua kabla hajaosha mikono na mundu, kwa sababu utomvu wenyewe unabeba virusi. Vibawakavu wanaotafuna majani wanavihamisha, panya na ng'ombe pia. Safisheni kingo: mpunga mwitu na maotea ya msimu uliopita ndiyo maficho yake. Na msimu ujao kitalu kiwekwe mbali na maotea, maana mara nyingi ugonjwa huanzia huko, mkapandikiza miche iliyokwisha kuambukizwa. Mbegu haina kosa, kimyanga hakipiti kwenye mbegu.

Mwana wa Cheju
Mungu awalipe. Mama haachi mpunga wake wa Supa kwa ile harufu. Naweza kuuchanganya mwenyewe na mpunga unaokinza?

Bibi Shamba Mstaafu
Upo mpunga wa Msumbiji, Gigante. Kwenye eIFiso4G yake asidi amino moja imebadilika, ya 309, na VPg inakosa pa kushika, huku maagizo ya mpunga wenyewe yakiendelea kusomwa. Wanasayansi walilitambua jeni hilo mwaka 2006. Lakini ukinzani huo hujificha: mche lazima urithi nakala mbili, ya baba na ya mama. Ukichanganya na Supa, kizazi cha kwanza chote kitaugua, na wengi hukata tamaa hapo. Kizazi cha pili ndipo takribani mmoja kwa wanne hukinza, kisha urudie kuuchanganya na Supa vizazi kadhaa ili harufu irudi. Bila kipimo cha DNA utazunguka sana. Nenda kituo cha utafiti Kizimbani, waulize mbegu walizonazo zinazostahimili. Na usilegeze usafi wa shamba hata ukiipata, kwani vipo virusi vya kimyanga ambavyo VPg yao imebadilika vikamshinda hata Gigante.

Mwana wa Cheju
Chupa siinunui. Mama anauliza: miche ya kijani iliyo pembezoni mwa kidoa aing'oe pia?

Fundi wa Majaruba, Pemba
Aiache, ila aikague kila baada ya siku chache, atazame jani changa kabisa. Likitoa michirizi, aing'oe siku hiyo hiyo.