Uchovu wakati wa mionzi ya kichwa: wagonjwa na mnaouguza, tupeane uzoefu

Mama_Wawili
Wakuu habari zenu. Mume wangu ana uvimbe kwenye ubongo, yupo kwenye mionzi siku 5 kwa wiki kwa wiki 6 pamoja na vidonge vya kemo. Wiki za mwanzo alikuwa freshi tu nikajua tumevuka, sasa hizi za mwishoni yaani akitoka kuoga anakaa kitandani na taulo lake nusu saa nzima ndo aanze kuvaa. Analala usiku, analala mchana, akiamka bado kachoka. Ndugu wanasema anadeka, ajikaze, naumia sana maana namjua, huyu ni mtu wa kuamka alfajiri. Mliopitia hii mlifanyaje?

Mzee_Kijana
Pole sana dada. Hao ndugu waambie hakuna cha kudeka hapo. Uchovu wa mionzi unajikusanya, unazidi kadiri wiki zinavyokwenda, na usitegemee utaisha siku anayomaliza, mimi ulinibana zaidi baada ya kumaliza. Kuna na usingizi mzito unaoweza kuja wiki kadhaa baadae, nilikuwa nasinzia kijiko kikiwa mkononi, nyumba nzima ikajua ugonjwa umerudi. Tukaenda wakaniangalia, daktari akasema ni athari ya mionzi inayochelewa kutokea na kweli ikapita taratibu. Ila tulienda kuangaliwa, hatukujiamulia nyumbani.

Halafu kuna kitu watu hawakijui, kwa sisi wa kichwa akili inachoka kabla ya mwili. Miguu inaweza kutembea vizuri lakini watu wawili wakiongea kwa pamoja na TV imewashwa basi, maneno yananipotea katikati ya sentensi naanza kuwa mkali bila sababu. Mke wangu akaweka utaratibu, mgeni mmoja mmoja, robo saa, TV imezimwa. Wapo walionuna lakini ilinisaidia kuliko chochote.

Binti_Mkubwa
Shem, angalia na dawa anazotumia. Mama yetu alikuwa kwenye deksamethasoni, ile steroidi ya kupunguza kuvimba kwa ubongo, dozi ya pili anameza usiku, anakesha macho makavu halafu asubuhi yuko hoi na sisi tunalaumu mionzi. Daktari akaisogeza ile ya pili iwe mchana mapema, usingizi ukarudi. Hiyo dawa pia ikitumika muda mrefu inadhoofisha misuli ya mapaja, mama akikaa kwenye kiti kifupi hainuki mpaka ashike kitu, hapo alihitaji mtu wa fizio, yule wa mazoezi ya viungo, na sio kulala zaidi. Lakini MSIIKATISHE GHAFLA jamani, mwili unakuwa umezoea na kuiacha hivyo ni hatari, inapunguzwa kidogo kidogo na daktari. Dawa za degedege nazo zinalewesha hasa zikianza au zikiongezwa, hizo pia msiguse wenyewe.

Nesi_Onko
Nafanya kazi na wagonjwa hawa. Usiridhike ukiambiwa "ni kawaida tu". Uliza kama wameangalia wingi wa damu, thairoidi (tezi ya shingoni) na homoni nyingine, maana mionzi ikipita karibu na pituitari, tezi ndogo chini ya ubongo inayoongoza homoni, homoni hizo zinaweza kushuka hata miaka baadae. Uliza na kuhusu sonona, inajificha sana kwenye uchovu. Mchana alale kama nusu saa, isiwe jioni, na kama anaweza atembee kidogo kila siku na mtu pembeni, najua inaonekana kama kumtesa ila kutembea kunapunguza uchovu kweli.

Na hili tafadhali, akiwa mzito kuamka ghafla, kichwa kinauma kupita kawaida, anatapika, anachanganyikiwa au degedege limeanza, hiyo msisubiri kliniki, hospitali saa hiyo hiyo. Homa akiwa kwenye kemo vilevile.

Mama_Wawili
Mungu awabariki, nimesoma zote. Kumbe ile deksamethasoni ya pili anameza saa 2 usiku na hakuna aliyetuuliza! Kesho tuna kliniki naenda na daftari nimeandika kila dawa na saa yake. Swali la mwisho, wanangu ni wadogo, wanaona baba hataki kucheza nao. Mliwaambiaje wenu?

Mzee_Kijana
Sisi tulimwambia wetu ukweli, kwamba tiba ndo inamchosha baba na sio kwamba kamkasirikia. Nguvu zangu zilikuwa asubuhi, kwa hiyo asubuhi ikawa ya mtoto, anakuja na kitabu chake tunasoma tumelala, simu na wageni vinasubiri mchana.