Limiti ya f(g(x)): kwa nini kitabu kinasema taarifa hazitoshi?

Swali
Wakuu, naomba ufafanuzi. x ikielekea 2, g(x) inaelekea 3. y ikielekea 3, f(y) inaelekea 5, ila f(3) = 1. Inatakiwa limiti ya f(g(x)) x ikielekea 2. Ukiunganisha hizo mbili inatoka 5, lakini kitabu kinajibu "taarifa hazitoshi". Kinakosekana nini?

Jibu
Kitabu kiko sahihi, mkuu. Limiti ya f inahusu y zinazokaribia 3 bila kuwa 3. Sasa y yako ni g(x), na hakuna kinachoizuia kuwa 3 kamili. Aliyekatazwa ni x tu, asiwe 2. Kila g(x) inapogusa 3, f inatoa 1.

Chukua f(y) = 5 kila mahali isipokuwa f(3) = 1, kisha jaribu g hizi, zote limiti yake ni 3:

g(x) = x + 1: nje ya x = 2 haigusi 3 kamwe. Limiti ya f(g(x)) ni 5.

g(x) = 3 daima: unapata 1 kila mahali. Limiti ni 1.

g(x) = 3 + (x − 2)sin(1/(x − 2)): inagusa 3 kila x = 2 + 1/(nπ), n ikiwa namba nzima isiyo sifuri. Nukta hizo zinarundikana kwenye 2, na katikati yake g si 3. Basi f(g(x)) inarukaruka kati ya 1 na 5 bila kutulia, limiti haipo.

Ili uandike 5 kwa uhakika unahitaji mojawapo kati ya haya: f iwe na mwendelezo kwenye 3, yaani f(3) = 5; au g(x) isiwe 3 karibu na 2, ukiiacha 2 yenyewe. Kasoro hiyohiyo ndiyo inayoharibu uthibitisho wa haraka wa kanuni ya mnyororo (inayotoa kasi ya mabadiliko ya f(g(x)) kwenye nukta a): unagawanya kwa g(x) − g(a) wakati inaweza kuwa sifuri.

Jibu
Naongeza: f ikikosa limiti kwenye 3, usikimbilie kuandika "haipo". Tuseme f inaelekea 4 kutoka kushoto na 7 kutoka kulia, na g(x) = 3 − (x − 2)². Hapo g inaikaribia 3 kutoka chini tu, x itokee upande wowote. Limiti ni 4. Kwa hiyo angalia kwanza g inafikaje: kwa juu, kwa chini, au kwa kugusa.

Muulizaji
Asanteni sana. Na mwendelezo je? f ikikatika, f(g(x)) lazima ikatike?

Jibu
Si lazima. Ili f(g(x)) iwe na mwendelezo kwenye nukta a, kanuni inataka g iwe na mwendelezo kwenye a, na f kwenye g(a). Wengi wanaikagua f kwenye a, na hapo ndipo alama zinapopotea. Mfano f(y) = 1/(y − 3), g(x) = x² − 1. f ni salama kwenye 2, lakini f(g(x)) inakatika kwenye 2 na −2, kwa sababu huko g ni 3. Kwenye x = 3, f yenyewe haipo, ilhali f(g(3)) = 1/(8 − 3) = 1/5, haina tatizo.

Hata zote mbili zikikatika inawezekana. Fanksheni ya Dirichlet inatoa 1 kwa namba wiano (zinazoandikika kama sehemu ya namba nzima mbili) na 0 kwa zisizo wiano, haina mwendelezo popote. Iweke ndani yake yenyewe: 0 na 1 zote ni namba wiano, hivyo jibu ni 1 kwa kila x.