Serikali kuchungulia mawasiliano ya wananchi, mpaka uwe wapi? Tujadili

Wakuu, kila likija suala la serikali kufuatilia simu na intaneti za watu hoja inayotangulia ni ile ile, "mimi sina cha kuficha, waache wasome meseji zangu watachoka wenyewe". Naomba nianzie hapo hapo manake hii ndo inawafanya wengi wasijali kabisa.

Kabla ya Vita Kuu ya Pili, Uholanzi walikuwa na daftari la wakazi lililopangwa vizuri mno, jina, anwani, familia, mpaka dini ya mtu. Ilikuwa kazi ya kawaida ya ofisini, hamna aliyekuwa na nia mbaya na wananchi waliandikishwa kwa moyo mweupe. 1940 jeshi la Ujerumani likaingia likakuta kila kitu kipo tayari, nani Myahudi, anaishi mtaa gani, watoto wake wangapi. Wayahudi zaidi ya 100,000 wa nchi ile waliuawa, na Machi 1943 wapiganaji waliokuwa wanapinga uvamizi ikabidi wavamie ofisi ya daftari pale Amsterdam na kuilipua, na hata hivyo sehemu kubwa ya kumbukumbu ilisalimika. Sasa niambieni, yule aliyetaja dini yake kabla ya vita alikuwa na cha kuficha? Hakuwa nacho. Utawala ulibadilika, taarifa ilishaandikwa na hana namna ya kuirudisha. Kwa hiyo mtu akiniambia anaiamini serikali iliyopo namwambia sawa, na itakayokuja miaka 20 mbele unaijua?

Kuna wanaosema hawasikilizi maongezi yako, wanachukua rekodi tu, nani kampigia nani, saa ngapi, alikuwa wapi. Mnaita "tu"! Mtu kapiga simu kituo cha kusaidia wanaotaka kujiua saa nane usiku, kaongea dakika 40, hapo unahitaji kusikia alichosema? Mwandishi wa habari kaongea mara tatu na mfanyakazi wa wizara wiki moja kabla ya habari ya ufisadi kutoka, chanzo chake si kishajulikana? Michael Hayden aliyewahi kuongoza NSA na CIA, mashirika ya ujasusi ya Marekani, alitamka hadharani 2014 kwamba wao wanaua watu kwa kutegemea metadata, yaani hizo hizo rekodi "tu". Na kesi ya Carpenter iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani ilionyesha polisi walipata kwa kampuni za simu pointi 12,898 za mahali alipokuwa mtuhumiwa ndani ya siku 127, wastani wa kama mia moja kwa siku. 2018 mahakama ikasema rekodi za namna hiyo zinahitaji kibali cha jaji.

Hapo ndo wengi tunatulia, tunasema basi mradi kuna kibali cha mahakama mambo yako sawa. Mimi siafiki moja kwa moja. Edward Snowden, aliyekuwa anafanya kazi za NSA, alipotoa zile nyaraka zao za siri Juni 2013, karatasi ya kwanza kabisa kuchapishwa ilikuwa ni amri ya mahakama! Jaji halali, mahakama halali, amri inaitaka Verizon, kampuni kubwa ya simu ya Marekani, ikabidhi NSA kila siku rekodi za simu za wateja wake wote. Mamilioni ya watu kwenye karatasi moja, kesi imesikilizwa faraghani na upande uliokuwepo ni wa serikali peke yake. Kibali kama hicho kinamlinda nani? Kwangu mimi kibali ni kile kinachotaja mtu, kosa analoshukiwa na muda, jaji akauliza maswali na akiona ushahidi hautoshi akakataa. Hicho kingine ni mhuri tu.

Afu tuangalie na faida yake, manake tunaambiwa tukubali kwa ajili ya usalama. Bodi ya serikali ya Marekani inayosimamia faragha ilikagua mpango ule wa NSA wa kukusanya rekodi za simu na Januari 2014 ikaripoti kwamba haikuona hata tukio moja la tishio kwa nchi ambapo kukusanya rekodi za watu wote kulileta tofauti ya maana kwenye uchunguzi wa ugaidi. Hata moja. 2015 bunge lao likabadilisha sheria, na 2020 mahakama ya rufaa ikasema mpango ulivunja sheria.

Lakini tusidanganyane, uchunguzi unafanya kazi ukielekezwa mahali sahihi. 2020 polisi wa Ufaransa na Uholanzi waliingia kwenye mtandao wa simu za EncroChat ambao wahalifu waliutumia sana, wakasoma meseji zao, madawa ya kulevya na silaha vikakamatwa na baadaye maelfu ya watu wakatiwa mbaroni nchi kadhaa. Bado kuna mabishano ya kisheria jinsi ilivyofanyika, na wapo waliotumia simu zile bila uhalifu wowote, ila siwezi kusimama nikasema polisi wakae mikono mitupu wakati watoto wanauzwa na watu wanapanga mauaji. Anayesema serikali isichunguze kabisa naye simuungi mkono.

Kinachonitia hofu zaidi ni serikali kutaka kampuni ziache mlango wa siri kwenye enkripsheni (kule kufunga meseji kwa msimbo ili asome mtumaji na mpokeaji tu) au kwenye mitambo ya simu, eti wataupitia wao tu. Ugiriki ilishatokea. Mitambo ya Vodafone kule ilikuwa na uwezo wa kunasa simu kwa matumizi ya kisheria, watu ambao hawakutakiwa wakauamsha kisirisiri na kwa miezi kadhaa, 2004 mpaka 2005, wakasikiliza simu za watu kama mia hivi akiwemo waziri mkuu mwenyewe Kostas Karamanlis! Mnaona? Mlango haukujali nani anapita. Na 2024 Marekani ikatangaza kwamba wadukuzi wanaohusishwa na China wameingia kwenye kampuni zao za simu na kuchukua mpaka taarifa zilizohusu maombi ya vyombo vya sheria yaliyopitia mahakamani, mwisho wake maafisa wale wale wa serikali wakaanza kushauri watu watumie enkripsheni kwenye meseji na simu. Miaka mingi mnaipiga vita enkripsheni, siku mkivamiwa nyie ndo mnaikimbilia.

Msimamo wangu ndo huo, wachunguze mtu kwa kibali kinachomtaja, wasikusanye za wote wakaweka akiba kusubiri siku watakayozihitaji. Na uchunguzi ukiisha mhusika aambiwe. Ujerumani sheria ya mashauri ya jinai inataka hivyo, uliyenaswa simu uarifiwe baadaye labda kuwe na sababu maalum ya kuzuia, hivyo unaweza kwenda kulalamika. Bila hiyo utadai haki gani wakati hujui hata kama uliguswa?

Sasa naomba wale mnaosema wakusanye vyote kwa ajili ya usalama mnijibu moja kwa moja. Anayekusanya akifuatilia simu za mpenzi wake wa zamani, au za mgombea wa upinzani, nani atajua? Atajuaje? Na huyo mtumishi atafanywa nini? Msiniambie "vyombo vina utaratibu wake", nitajieni huo utaratibu.