Tiketi za watu watano mpaka Tukuyu, likizo ya Agosti

Kutoka: Mama wa watatu, Reading

Kamwene kwa wa Iringa, na wenzangu wa Rungwe habari za kazi. Tunataka kwenda kumsalimia bibi Tukuyu shule zikifungwa mwezi wa saba. Tuko watano: mimi na baba watoto, wa kwanza ana miaka 13, wa pili 9, na huyu kitinda mimba atatimiza miaka miwili tarehe 14 Agosti. Kila nikifungua tovuti bei zinanitoa jasho. Shoga yangu hapa jirani ananiambia niwatoe watoto shule wiki moja mapema, nauli iko chini. Mliokwisha kwenda na familia nzima mnafanyaje? Na hii ndege ya kutoka Dar mpaka Songwe, uwanja wa Mbeya, ni ya kutegemea, au tupande basi tu tujue moja?

Jibu: Coventry

Dada, hongera, bibi atafurahi sana.

Nianze na ushauri wa shoga yako, maana uko England. Tangu Agosti 2024 faini ya kumtoa mtoto shule bila ruhusa ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto ukilipa ndani ya siku 21, ukichelewa inakuwa 160. Mna watoto wawili wa shule na wazazi mko wawili, kwa hiyo hapo ni pauni 320 mkilipa haraka. Mkirudia ndani ya miaka mitatu inaanzia 160, na mara ya tatu mnaweza kujikuta mahakamani. Najua wapo wanaopiga hesabu na kuona bado inalipa. Mimi singefanya. Sogeza siku badala ya kusogeza shule: Jumamosi ya kwanza baada ya kufunga ndiyo kila mtu anaitaka, na wiki ya mwisho ya Agosti kila mtu anarudi. Jaribu Jumanne au Jumatano, halafu rudini mapema.

Na kurudi mapema kuna faida nyingine kwenu. Mtoto wa chini ya miaka miwili anapakatwa, na kwa kawaida analipiwa kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Akishatimiza miwili lazima awe na kiti chake, hata kama wakati wa kwenda alipakatwa. Mkirudi tarehe 12 Agosti mmeokoa kiti, keki mtakata Reading. Mkitaka kubaki hadi mwisho wa mwezi, msikate kimyakimya mkitegemea hawataona. Pigeni simu kwa shirika, wapange kwenda akiwa wa kupakatwa na kurudi akiwa na kiti.

Huyo wa miaka 9 kwa mashirika mengi anapata punguzo la nauli ya mtoto. Wa miaka 13 hapati, kwenye ndege miaka 12 ni mtu mzima. Ila serikali ya Uingereza bado inamhesabu mtoto: walio chini ya miaka 16 wanaokaa daraja la kawaida hawatozwi ile kodi ya abiria wa ndege. Kwa safari ya Tanzania kodi hiyo ilikuwa pauni 90 kwa kichwa kuanzia Aprili 2025, kwa hiyo si hela ya kuachia. Tovuti nyingine zikishaona "mtu mzima" zinamtoza kodi hiyo bila kuuliza umri. Angalia mchanganuo wa bei, na ukiona wamemtoza, dai.

Sasa siri ya kutafuta. Usianze kwa kuandika watu watano. Ndege moja ina viti vya bei tofauti hata kama vyote viko nyuma pamoja. Tuseme, kwa mfano tu, vimebaki viwili vya pauni 620 na vinavyofuata ni 710. Ukiomba vinne, mfumo haukupi viwili vya 620 na viwili vya 710; unakupa vyote vinne kwa 710. Kwa hiyo tafuta kwanza mtu mmoja, kisha wawili, kisha wote, uone bei inaruka wapi. Inaporuka, kata mara mbili: baba na mtoto mmoja, mama na hao wengine. Usiache mtoto kwenye tiketi isiyo na mzazi. Halafu wapigie shirika waunganishe namba zenu mbili za tiketi, maana ndege ikifutwa mnaweza kupangiwa siku tofauti.

Lakini la msingi kuliko yote, dada: acha kulinganisha bei za Dar. Bibi hakai Kariakoo. Tangu British Airways waache kwenda Dar mwaka 2013 hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka London, lazima uunganishe Doha, Dubai, Istanbul, Amsterdam, Addis Ababa au Nairobi, na mtu anashangilia nafuu ya pauni 60 kwa kichwa bila kuuliza anafika Dar saa ngapi. Ndege za kimataifa zinashukia Jengo la Tatu pale Julius Nyerere, za ndani zinaondokea Jengo la Pili. Mnapita uhamiaji, mnachukua mabegi, mnatoka nje, mnapanda gari, mnapanga foleni upya, na mtoto amelala begani. Mkifika jioni hiyo ni hoteli ya watu watano, na hoteli hiyo ndiyo imekula nafuu yenu yote.

Mabegi nayo. Mashirika mengi makubwa yanaruhusu mabegi mawili ya kilo 23 kwa safari za Afrika (soma tiketi yako, siku hizi kuna tiketi za bei ya chini zenye begi moja). Ndege ya ndani kwa kawaida ni kilo 23 tu kwa mtu. Ukiwa na tiketi mbili tofauti, zile kilo za ziada zinalipiwa Dar kwa shilingi, papo hapo. Kwa hiyo unapotafuta, usiandike DAR peke yake. Andika MBI, ndiyo Songwe, uone kama kuna shirika linalokuuzia tiketi moja mpaka mwisho. Ikiwepo, hata ikizidi kidogo, ichukue: ndege ya kwanza ikichelewa ni juu yao kuwafikisha. Kwa tiketi mbili tofauti, ndege ya Songwe haitawasubiri, wala nyie hamna cha kuidai.

Kutegemea Songwe? Uwanja ni mzuri, tangu ufunguliwe mwaka 2012 umetuondolea adha kubwa. Ila ukungu wa kule unaujua. Rubani asipoona njia ya kutua anageuza Dar, na hakuna wa kumlaumu. Kwa kwenda si kitu, bibi atangoja siku moja. Kwa kurudi ndipo penye kazi: shukeni Dar siku moja kabla ya ndege ya Ulaya, na hiyo hoteli iwekeni kwenye bajeti tangu mwanzo.

Basi ni zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbezi Luis mpaka Mbeya mjini, bado Tukuyu. Malori yakikwama mlima wa Kitonga hapo hakuna ratiba tena. Hao wakubwa wataona twiga Mikumi dirishani bila kiingilio, watafurahi. Huyo mdogo hatafurahi.

Jibu: Edinburgh

Mzee wa Coventry kamaliza kila kitu, naongeza ya kwetu Iringa. Sisi wa Scotland tunafunga mwisho wa Juni, kwa hiyo nauli zetu hazijafika kileleni, na watoto wanawakuta binamu zao likizo japo kwa siku chache kabla shule za nyumbani hazijafungua Julai. Nyie wa England mkifika Agosti binamu wako darasani. Msishangae watoto kulalamika hakuna wa kucheza naye asubuhi.

Kwa anayekwenda Iringa, siku hizi napendelea treni ya SGR. Tangu katikati ya 2024 inakwenda mpaka Dodoma, daraja la kawaida ilianza kwa shilingi 31,000 mtu mzima na nusu kwa mtoto. Ukishuka Dodoma ni lami tupu kupita Mtera, kama kilomita 260. Ukikodi Noah familia nzima inaingia na mabegi juu. Kitonga mnaikwepa.

Pia wakati wa Nane Nane, yaani siku za kuelekea tarehe 8 Agosti, Mbeya inajaa kwa ajili ya maonyesho pale viwanja vya John Mwakangale. Viti vya Songwe na vyumba vya mjini vikate mapema kuliko unavyodhani.

Jibu: Leicester

Mama wa watatu, mambo mawili ya pesa. Ukimtumia wakala, haya matangazo ya WhatsApp yanayotaka utume hela kwenye akaunti ya mtu binafsi yaache. Dai cheti cha ATOL (kinga ya Uingereza ya hela zako wakala akifilisika), na lipa kwa kadi ya mkopo: kitu cha zaidi ya pauni 100 kikiharibika, benki inabanwa kisheria pamoja na muuzaji. Sisi tunakusanya kwa upatu, anayepokea mwezi wa kwanza ndiye anayekata tiketi, kisha analipa deni la kadi siku hiyohiyo.

La pili, visa. Kila mwenye pasi ya Uingereza ni dola 50, na mtoto naye anahesabiwa. Omba kwenye tovuti ya Uhamiaji yenyewe, visa.immigration.go.tz; zile zinazotangulia kwenye matokeo ya kutafuta nyingi ni za madalali wanaoongeza chao. Na mkipata nauli nzuri yenye kusubiri zaidi ya saa 12 Addis au Nairobi, mtaulizwa cheti cha homa ya manjano mkifika Dar. Chanjo hiyo huku ni ya kulipia, zidisha kwa vichwa vyenu kabla ya kuita bei nzuri.

Kutoka: Mama wa watatu, Reading

Ndaga fijo wote. Tumekaa na baba watoto jana usiku: tunaondoka Jumatano ya mwisho ya Julai, tunarudi tarehe 12, na tumeona tiketi ya mpaka MBI inayozidi ya Dar kidogo tu. Shule haitaguswa. Swali la mwisho: bibi lazima atatufungia ndizi na parachichi. Zinapita Heathrow?

Jibu: Coventry

Ndizi zinapita. Parachichi zinataka cheti cha afya ya mimea, bila hicho zinabaki kwa ofisa wa forodha. Nyama na maziwa ndiyo kabisa, hata mtindi wa mgando usijaribu. Mwambie bibi ajaze ndizi na majani ya chai, parachichi mle hukohuko. Na wawekee watoto masweta, Tukuyu ya Julai usiku ni baridi kuliko Reading ya Julai.