Chama cha historia: karatasi za zamani tuzitunze miaka mingapi? Makabati, skana, au tutupe?

KatibuMpya
Wakuu, habari za majukumu. Mwezi uliopita nimetwishwa ukatibu wa chama chetu cha historia. Tuna na chumba kimoja cha makumbusho, wageni wanakujakuja. Katibu aliyenitangulia kaniachia maboksi mpaka dirisha halifunguki. Mkutano umepitisha milioni 3 za "kushughulikia karatasi", na Jumamosi ya wiki ijayo lazima niingie kikaoni na jibu. Machaguo ni haya:
1. Tununue makabati manne ya chuma, tupange kila kitu.
2. Tununue skana na diski mbili za nje. Tukishaskani, karatasi tunachoma moto.
3. Tutupe chochote chenye zaidi ya miaka 7. Mhasibu wetu anasema ndiyo sheria. Hela tupake rangi jengo.
Mimi nimeelemea la 2. Nawasilisha.

Pweza Mkavu
Unataka dawa hujamtaja mgonjwa. Maboksi mangapi? Yana nini ndani? Uko Bara, Visiwani au Kenya? Mmesajiliwa kama nini? Na mchwa wapo?

ChumaDaima
La 1, uzi ufungwe. Adui wa karatasi ni mchwa, panya na mjumbe wa kamati anayetafuta cha kufungia maandazi. Kabati la chuma lenye kufuli linawaweza wote. Na usinunue jipya, subiri mnada wa vifaa vya ofisi.

Fundi Waya
Makabati zama hizi? Chukua skana inayovuta karatasi yenyewe. Barua weka kwa PDF/A, ile PDF ya kuhifadhi muda mrefu, picha kwa TIFF isiyopunguza ubora, nakala tatu, moja ikae nje ya jengo. Mzigo wa makabati manne unaingia kwenye kitu cha ukubwa wa kiberiti.

ChumaDaima
Na kiberiti kikipotea?

MamaMasijala
Wanangu, hamjambo. Nimekaa masijala miaka 27 kabla ya kustaafu. Mnagombania sanduku na nguo hamjaziona.
Kwanza hiyo miaka 7. Huku Bara, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu za kodi zikae miaka 5. Hiyo ni ya mahesabu: stakabadhi, vocha, taarifa za benki. Mhasibu kachukua utaratibu wa vitabu vyake akaufanya wa nyumba nzima. Daftari la kupokelea vitu vya makumbusho halina miaka. Hati ya zawadi haina miaka. Barua ya kuazima au kuazimwa kitu haina miaka maadamu kitu kipo. Muhtasari wa vikao na katiba za zamani, hivyo hivyo. Siku mtakapovitupa, vitu vyenu vya kabatini vinageuka mitumba, maana hamtajua vilitoka kwa nani wala kwa masharti gani.
Pili, miaka huhesabiwa tangu jambo lifungwe. Tarehe iliyoandikwa juu ya karatasi siyo inayoanzisha hesabu. Mkataba wa 1996 ulioisha 2022 hesabu yake inaanza 2022. Watu wengi sana wanaanguka hapo.
Risiti ya sabuni ya kudekia ya 2009 ichome, mwanangu, na mimi nakuletea kiberiti. Lakini kabla ya kuchoma andika orodha ya unachoteketeza, kamati isaini, na orodha hiyo ndiyo isiyotupwa kamwe.

Fundi Waya
Mama shikamoo. Naunga mkono, ila hapo kwenye risiti: za EFD, zile za mashine ya kodi, hazisubiri hata hiyo miaka 5. Karatasi yake huandikwa kwa joto, si wino, ukiiweka karibu na dirisha baada ya muda inabaki nyeupe pee. Piga kopi siku hiyo hiyo uliyonunua kitu. Au uskani, ehe.

KatibuMpya
Mama shikamoo, asante. Pweza, tuko Bara, mji wa pwani. Maboksi kama 40, sijafungua yote. La kwanza nimekuta risiti za chokaa, picha za harusi ya mtu nisiyemjua na kadi za wanachama waliokwisha fariki.

Pweza Mkavu
Usajili bado hujajibu. Na mchwa.

Kiti cha Mpingo
Mkuu KatibuMpya, mimi nilikuwa kwenye kamati ya makumbusho fulani, sitaitaja kwa jina wala mkoa. Tulifanya namba 3 kama ulivyoiandika. Mwenyekiti wetu alikuwa mtu wa usafi, alitaka chumba kile kiwe cha kupokelea wageni. Tukapewa Jumapili moja, vijana sita, pipa na lita moja ya mafuta ya taa. Kigezo kilikuwa mwaka ulioandikwa juu ya jalada. Kuna jalada limeandikwa "Barua 1998". Nalikumbuka kwa sababu nililitia pipani mwenyewe, na lilikuwa zito.
Miaka kama minne baadaye wakaja kinamama wawili na kaka yao. Wametulia, wamevaa vizuri, wanataka kumwona msimamizi. Wakasimama mbele ya kiti chetu cha enzi, kile cha mpingo chenye mapambo ya pembe, ambacho kila mgeni anapiga picha. Wakasema, hiki cha bibi yetu. Tukasema ndiyo, bibi alikizawadia. Yule kaka akatoa kwenye bahasha nakala ya kaboni, imepauka lakini inasomeka: makumbusho inaazimwa kiti mpaka hapo familia itakapokihitaji. Muhuri wetu. Saini ya msimamizi wa wakati huo, marehemu.
Sisi tulikuwa na nini? Kibao kilichoandikwa "Zawadi ya familia", na hakuna aliyejua nani alikiandika. Mwenyekiti akaanza kusema huenda baadaye kulikuwa na barua nyingine ya kukitoa kabisa. Huenda ilikuwepo kweli! Ndiyo kinachoniuma mpaka leo. Jalada lilikuwa zito, sijui tulichoma nini. Kiti kikaondoka juu ya pikapu, kimefungwa magodoro, na ukumbi mzima ukaona. Familia mbili nyingine zikaja mwezi huo huo kudai vyao. Moja tulikuwa na uhakika si kweli, na hatukuwa na hata mstari mmoja wa kuwajibu.

ChumaDaima
Kabati lingekuwepo hayo yasingetokea.

Kiti cha Mpingo
Kabati lilikuwepo. Tulitoa humo.

Mjukuu wa Lindi
Nipo Berlin, nawasoma kimya. Hapa kuna yule dinosaria mkubwa wa Tendaguru, kwetu Lindi, aliyechimbwa kati ya 1909 na 1913. Mifupa zaidi ya tani 200 ilitoka kule, ikibebwa vichwani mpaka bandarini. Kinachofanya leo tujue kwamba msimamizi wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani, na nani alifanya kazi gani, ni makaratasi ya msafara yaliyobaki. Wakati ule yalikuwa mambo ya posho na mizigo tu. Mhasibu wa Katibu angeyatupa 1920.

Pweza Mkavu
Na huyo dinosaria anarudi lini nyumbani?

Mjukuu wa Lindi
Uzi mwingine huo mkuu.

ChumaDaima
Uzi huu huu. Tunajadili karatasi wakati mfupa wenyewe uko Ulaya.

Fundi Waya
Kimo chake ni mita 13 na ushee. Tutamweka wapi, stendi?

Pweza Mkavu
Tutajenga. Uwanja wa mpira tunajenga, tutashindwa banda la mjusi?

Mwana Mvita
Salaam kutoka Mombasa. Sisi huku twaita makavazi, nyinyi mwasema nyaraka, sawa. Nataka kumkumbusha anayependa kiberiti. Waingereza walipokuwa wakiondoka Kenya, mafaili mengine waliyachoma na mengine wakayasafirisha kwao. 2011, kesi ya wazee wa Mau Mau ikiwa mahakamani London, ikabidi wakiri kwamba yako Hanslope Park, kituo cha serikali yao huko Uingereza. 2013 wakakubali kuwalipa wazee 5,228, jumla pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi. Aliyechoma alijua anachochoma. Wewe hata boksi hujafungua.

Fundi Waya
Mnanitisha tu. Sijasema mtu achome rejesta. Nimesema uskani. Moto ulipokula Makumbusho ya Taifa ya Brazil pale Rio mwezi Septemba 2018, karatasi zisizo na nakala zilikwenda nazo. Chuma hakikuzuia kitu.

ChumaDaima
Diski nayo ikianguka sakafuni mara moja tu, kwaheri.

Dada wa Forodhani
Zanzibar hapa. Mbona hamsemi la 4? Vya thamani kweli wapelekeeni Nyaraka za Taifa, mbaki na nakala. Sisi tuna yetu Kilimani, nyinyi mna yenu, andikeni barua muulize masharti. Halafu pwani chuma kinaliwa na chumvi, ChumaDaima asikudanganye. Inua maboksi kutoka sakafuni, yaachanishe na ukuta, fungua hilo dirisha. Hayo ni bure.
Jengine, hizo kadi za wanachama zina namba za simu na magonjwa ya watu? Huko kwenu Bara kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Si kila kitu ni cha kukaa milele.

MamaMasijala
Umenena, mwanangu. Ila usichane kadi ya marehemu kabla hujauliza kwao.

ChumaDaima
Kutu inapakwa rangi. Mbao je, mchwa unaupaka nini?

Dada wa Forodhani
Mbao ya mvule, babu.

KatibuMpya
Wakuu, kikao kimeahirishwa, mwenyekiti kasafiri. Nimenunua meza moja na glavu kwa hela yangu, nimeanza kufungua. Nimefika boksi la 12. Kuna daftari la ngozi, limeandikwa herufi za Kiarabu lakini rafiki aliyejaribu kunisomea mstari mmoja anasema ni Kiswahili, kuna majina ya watu na hesabu ya nazi. Kurasa zimegandana. Nani humu anasoma?

Dada wa Forodhani
Usizibandue! Weka picha ya zilizo wazi, mchana, bila mwanga wa simu.

Mwana Mvita
Babangu asoma. Weka.

Pweza Mkavu
Siku ya tatu leo. Picha iko wapi? Na mchwa bado hujajibu.