Tupeane uzoefu: shamba, kiwanja na hati, yaliyokukuta Bagamoyo, Tanga na pwani yote

Mlima Mihogo

Assalam aleikum, hamjambo ndugu zangu. Wiki iliyopita kijana wa jirani yangu hapa Bagamoyo amelipia eka mbili kwa karatasi ya mauziano yenye muhuri mmoja. Nilipomuuliza ardhi ile ni ya aina gani, akanitazama tu. Usiku sikulala vizuri, maana nilimwona yule niliyekuwa mimi mwaka 2013. Naanza na langu, nanyi mlete yenu.

Mwaka ule makubaliano ya bandari ya Mbegani yalitiwa saini, madalali wakawa hawapumziki. Nikaonyeshwa eka tatu za mzee mmoja, kijiji kilichoingia ndani kidogo kutoka barabarani. Mbele mikorosho, nyuma pori. Nikalipa milioni nne na nusu mbele ya mwenyekiti wa kijiji, akagonga muhuri, mashahidi wakatia dole gumba, tukala wali kwa mzee. Nikarudi nyumbani nimeshamwambia mama watoto kwamba tuna shamba.

Mwaka 2019 nakwenda na fundi kuchimba msingi, nakuta eka mbili za nyuma zimelimwa ufuta. Wenyewe hawakunifanyia fujo. Mama mmoja aliniuliza tu, "Baba, ulipewa na mkutano gani?" Sikuwa na la kumjibu.

Afisa ardhi ndiye aliyenifumbua macho. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ameishika kwa niaba yetu kama mdhamini, na sisi tunachopewa ni haki ya kuimiliki na kuitumia. Imegawanyika mafungu matatu: ardhi ya jumla, ya vijiji na ya hifadhi. Ya jumla ina Sheria Na. 4 ya 1999, ya vijiji ina Na. 5 ya mwaka huo huo, na zote mbili zilianza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Ndani ya kijiji tena kuna ardhi ya pamoja, ya watu na familia zao, na ya akiba. Eka ya mikorosho ilikuwa ya mzee kweli kweli. Zile mbili za pori zilikuwa akiba ya kijiji. Msimamizi wake ni halmashauri ya kijiji, nayo haigawi kipande mpaka mkutano mkuu wa kijiji umeridhia. Mwenyekiti peke yake, hata awe na mihuri kumi, hana ardhi ya kumpa mtu.

Mzee alikuwa ameshafariki, Mungu amrehemu. Nilipeleka maombi upya, halmashauri ikakaa, jambo likapelekwa mkutano mkuu, nikabakiwa na eka ile moja. Mbili nimezisamehe. Watoto wa mzee sikuwadai, wana shida zao.

Mtoto wa Kambini

Pole sana kaka. Langu ni la Muheza. Baba alikuwa mkata mkonge, nami nimezaliwa kambini. Shamba liliposimama kazi, wenye kampuni wakaondoka, mkonge ukaota majani, watu tukalima mahindi na mihogo kati ya mistari. Baba amelima pale zaidi ya miaka 20. Siku walipokuja wapimaji, wazee wakasema kwa kujiamini kwamba baada ya miaka 12 ardhi inakuwa ya anayeilima.

Hapo ndipo tulipoumia. Miaka 12 ni kweli imo katika sheria ya ukomo wa muda, ndiyo muda wa kufungua madai ya ardhi. Lakini mtu aliyeingia kwa ruhusa ya mwenye shamba, kama baba aliyepewa kijishamba na mnyapara, mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba hawezi kugeuka kuwa mmiliki, hata akae miaka mingapi. Na mashamba ya mkonge yana hati za serikali za miaka 33, 66 au 99, kwa hiyo ni ardhi ya jumla. Pori likimea juu yake haligeuki kuwa ardhi ya kijiji. Mwenye hati akilitelekeza amevunja masharti, na mwenye mamlaka ya kuifuta hati ni Rais. Njia yetu ilikuwa hiyo: kijiji kuandika barua wilayani kuomba utaratibu wa kufuta uanze. Sisi tulipoteza miaka tukibishana na walinzi.

Baba alikufa hajajua kama mihogo ile ilikuwa yake. Linaniuma mpaka leo.

Dada wa Ngamiani

Mimi kwa ufupi. Mume alitaka kukopea nyumba tunayoishi, benki wakanipigia simu niende na kitambulisho. Nilidhani wananisumbua. Kumbe sheria inataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani. Nilisoma karatasi zote, nikakataa, tukaelewana kukopa kidogo kwa dhamana nyingine. Wanawake wenzangu, sheria hiyo hiyo ya 1999 inasema haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawasawa na ya mwanamume. Msitie saini msichosoma.

Mpangani

Shikamooni wakubwa. Kwetu Pangani mnazi una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Babu alimruhusu rafiki yake apande minazi 40 kwenye shamba letu, wote wawili wameshafariki. Sisi tunalima chini, wao wanaangua juu, na tumeishi hivyo bila ugomvi wowote mpaka ulipokuja mradi na mthamini akaja kuhesabu.

Ndipo kila mtu akawa na shamba. Binamu zetu wa Tanga mjini, ambao hatujawaona tangu matanga ya babu, walifika kwa basi la kwanza. Mthamini alikuwa mtu mstaarabu, akatueleza kwamba fidia ina mafungu yake: thamani ya ardhi, thamani ya maendelezo, ambamo mimea na majengo vimo, kisha posho ya usumbufu, ya usafiri na ya makazi, na faida inayopotea kwa mwenye biashara. Kwa hiyo minazi iliandikwa kwa watoto wa rafiki, ardhi ikaandikwa kwetu. Hapo sawa. Shida ikawa "kwetu" ni nani. Mirathi ya babu ilikuwa haijafunguliwa, na bila msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama hakuna wa kutia saini. Tulianza mahakama ya mwanzo upya, kikao cha ukoo, muhtasari, tangazo. Miezi minane.

Na wale wa minazi hawakuwa hata na karatasi moja. Wangetukuta sisi watu wa roho mbaya, wasingepata kitu.

Karani wa Zamani

Nimewahi kuandika kumbukumbu za baraza la kata, niongeze moja. Wengi bado wanakimbilia kata wakitaka hukumu. Tangu marekebisho ya 2021 baraza la kata linasuluhisha tu. Usuluhishi ukishindikana ndani ya siku 30, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Msikae mkisubiri hukumu isiyokuja.

Mnazi Mrefu

Naomba kuuliza. Nimeonyeshwa kiwanja ufukweni, maji yanaonekana kutoka hapo. Muuzaji anasema ni cha familia tangu zamani. Nianzie wapi?

Mlima Mihogo

Ndugu Mnazi Mrefu, anza na futi kamba. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ufukweni, hata ikiwa babu wa muuzaji alizaliwa hapo. Ukiwa nje ya meta hizo, nenda kwa mtendaji ukaulize ni kijiji au ni mji. Kama kimepimwa, chukua namba ya kiwanja uende ofisi ya ardhi wakuangalizie rejista jina la nani limo, na kodi ya pango imelipwa mpaka lini. Kama ni kijiji, omba uone daftari la mihtasari. Usikubali kusomewa. Lishike mwenyewe, utafute tarehe ya mkutano na orodha ya waliohudhuria. Nimeongozana na yule kijana wa jirani jana kufanya hivyo hivyo, na ukurasa tuliouhitaji haumo. Kesho tunarudi kwa muuzaji kuomba fedha kabla hazijaisha.